Ndama Kwanza

Mjukuu wangu Paskali,

Marahaba. Hapa Tumati hatujambo. Bibi yako anapalilia maharage huku akinung'unika kwamba uliondoka na kikosi chako bila kumuaga.

Umeniuliza adui utamtambuaje kwenye nchi ya watu. Nilipokuwa askari kama wewe, kule vitani tulikuta boma limekimbiwa, ng'ombe analia, kiwele kimejaa. Niliweka bunduki chini, nikamfungulia ndama anyonye kwanza, ndipo nikaanza kukamua. Mama mmoja mzee akatoka kwenye mahindi alikojificha. Hatukuwa na lugha moja. Akamshika ndama wake kando, ili nimalize.

Kumtambua adui sijui kukufundisha. Ila yule mama alinitambua mimi, akiwa mahindini, kabla sijamwona.

Babu yako