Nywele Zisizosikia Dawa

Jumapili, 5 Mei

Dada ameniomba nimtie dawa nywele. Mimi! Harusi yake ni Jumamosi, na msusi wake alimuunguza kichwa mara ya mwisho, hadi leo akiiona ile saluni anavuka barabara. "Wewe Profesa, si ulisomea kemia? Basi fanya kazi, cheti kisikae tu ukutani." Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Wacheke. Miaka ishirini na minne nimesubiri dada aniamini kwa jambo kubwa kuliko kuangalia maziwa yasifurike. Sitaharibu. Nitafanya majaribio kwanza.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeokota nywele kwenye brashi ya kahawia bafuni. Nyeusi, zenye mawimbi mazuri. Nimekwenda nazo kazini, nikangoja wanafunzi watoke maabara, nikaziweka chini ya hadubini.

Unywele wa kawaida una magamba, yamelaliana kama vigae vya paa. Wa dada hauna hata moja! Laini kama kioo, mwanzo hadi mwisho. Na zote unene mmoja, kana kwamba zimetoka kiwandani. Tumbo moja lilituzaa — yeye kapewa hizi, mimi stiliwaya ya kusugulia sufuria. Nina wivu. Naandika hapa ili usinitoke mdomoni.

Jumatano, 8 Mei

Dawa ya kawaida, dakika kumi na tano: hola. Nusu saa: hola. Saa nzima — wimbi liko palepale, linanicheka.

Haiwezekani! Ndani ya unywele kuna vifungo vya salfa, ndivyo vinavyoushikilia umbo. Dawa ni alkali kali, inavivunja, unywele unalegea. (Nani aliiita dawa? Inavunja tu, haiponyi kitu.) Nimemwambia dada nywele zake hazisikii dawa. Hakuinua hata macho, alikuwa anapaka kucha rangi. "Hata mwenyewe sisikii la mtu. Ongeza."

Alhamisi, 9 Mei

Nimenunua ile kali. Muuzaji wa vipodozi akauliza ni ya kichwa cha mtu au mkia wa farasi. Nikaanza kumweleza habari za vifungo. Akaniomba nisogee, wateja wapite.

Nusu saa: umelegea kidogo? Au ni macho yangu? Nimeandika "kidogo".

Ijumaa, 10 Mei

Saa 4:05 asubuhi. Dada yuko uani kwenye stuli, taulo shingoni, mafuta ya mgando masikioni. Dawa imeshaingia. Nimepanga dakika thelathini. Naandika hapahapa nisipoteze hesabu. Ajabu, kwa karibu nywele zake zinafanana na zangu. Labda ni mwanga.

4:16. Anasema inawasha. Nimemwambia avumilie, nywele ni kitu kilichokufa, hazina hisia. Anasema kichwa chake bado kiko hai.

4:19. Mama anachoma takataka. Amechukua na bahasha yangu ya nywele za majaribio, akaitupa motoni. Nikasubiri ile harufu — salfa, kila mtu anaijua nywele ikiungua. Haikuja. Imenuka kama ndoo ya plastiki!

"Mama, ile brashi ya kahawia ni ya nani?"

"Ya wigi langu. Wiki nzima naliandaa kwa harusi. Kwani ni wewe unayeichezea?"

Wigi. Lile la mawimbi, la sherehe, linalolala kabatini mwaka mzima.

4:33. Niko nje ya mlango wa bafu. Nilimburuta dada saa 4:20, taulo likabaki njiani. Shampoo ya kukata dawa nimempa kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha alichoiba. Kanifukuza. Maji yanamwagika.

Dakika kumi na tano zimekaa kichwani. Nimelisoma kopo sasa hivi: zisizidi kumi. Sikuwa nimelisoma. Nilikuwa na majaribio yangu!

Mama amekalia stuli ya dada, anafuta machozi. Nilidhani analia. Anacheka, jamani. "Umelitia dawa wigi langu siku mbili!"

4:41. Maji yamefungwa.

4:44. Nimegonga. "Dada?" Nimesema samahani kupitia tundu la kitasa, sijui kama imefika.

4:46. Mlango umefunguka kiasi cha mkono kupita. Mkono wa dada umetoka, kiganja juu, kucha zinang'aa.

"Profesa. Niletee wigi la mama."

Mama ameacha kucheka papo hapo. Ameinuka, amekwenda kusimama mbele ya mlango wa chumba chake, mikono kiunoni.

"Thubutu! Kesho nalivaa mimi."

Mkono bado uko nje.