Pampu Kwenye Friji

Dada Najma,

Mjinga wa leo ni mimi, sibishi. Sitara alipovua pampu yake mpya ya insulini ili aoge, niliikuta mezani nikaitia kwenye friji, kwa sababu miaka yote insulini ya nyumba hii imekaa humo, kando ya samaki wako.

Lakini wewe uliniona. Mke wangu mjamzito kapekua nyumba nzima, sukari inampanda, na wewe umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi kama umealikwa kutazama sinema. Nilipoikumbuka na kuitoa kwenye friji, nikakuuliza mbona hukusema, ukajibu, "Mimi si mlinzi wa mashine zenu." Ahsante sana, shangazi mtarajiwa.

Amejidunga sindano, ila sukari haishuki upesi. Tunaenda kliniki akaangaliwe yeye na mtoto. Maharage nimeyaepua, nazi umeshakuna, yaunge. Uji wa Sitara usiutie sukari kwa siri. ~~Tukikukera, rudi kwa mumeo Buguruni.~~ Nimekata hilo, chumba ni chako. Ila leo usinisalimie.

Mdogo wako,
Seifu

Halafu: ulipokuwa unatoka kwenda Kariakoo ulitutupia neno mlangoni, kwamba nyie mlizaa bila mashine. Sitara yuko hapa anavaa viatu, kasema nikuandikie hivi: "Wifi, wewe ulizaa na kongosho lako tumboni, likikutolea insulini. Langu ni hilo la kiunoni. Mdogo wako kalitia kwenye friji kwa ujinga, wewe ukaliacha humo kwa makusudi."