Upindo wa Leso Kabla ya Kisu

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Mawe kwenye nyongo! Mimi Nyevu, mwanamke wa kwanza kushika kisu hospitalini kwetu, niliyetoa nyongo za nusu ya Mombasa — leo yangu imeniasi. Operesheni Alhamisi. Atakayenipasua ni Mutanu, mwanafunzi wangu bora wa miaka yote. Nimemwambia sina wasiwasi. Uongo mtupu. Naogopa.

Jumanne, 6 Agosti
Nimepata dawa ya hofu. Zamani hakuna mwanafunzi aliyegusa mgonjwa wangu kabla ya kunipindia leso kwa mkono, mishono midogo, sawasawa. Ya Mutanu ninayo mpaka leo. Nimeitoa sandukuni, nikaikagua. Nilimpa tisini na tisa kwa mia! Ile moja nilimnyima asivimbe kichwa. Nikajizawadia bajia mbili, nilizokatazwa. Nimejuta.

Jumatano, 7 Agosti
Nimekwenda Biashara Street kutafuta leso ya wodini. Nilijitanda ile ya Mutanu, nimringie Kamaludin, fundi anayepinda leso mlangoni mwa duka tangu enzi. Kashika ncha, kacheka hadi miwani ikaanguka. "Daktari, hii n'lipinda mimi!" Kumbe wanafunzi wangu wakimpelekea kwa siri, mwaka baada ya mwaka! Akataka kujua alipata alama ngapi. Sikumjibu, mzee yule asije akaomba kazi hospitalini.

Sasa kesho tumbo langu nampa nani? Nimenunua doti mpya ya leso, haijapindwa. Na sindano.

Alhamisi, 8 Agosti
Wodini, saa mbili asubuhi. Njaa. Mutanu kaingia kwa bashasha: shikamoo Mwalimu, umeamkaje? Marahaba sikumpa. Nimempa leso na sindano. Katazama leso, kanitazama mimi. "Kamaludin amesema?" Kicheko kimembana, mshenzi! Amekiri: zamu zilimzidi, na wenzake wote wakifanya hivyo. Nikamwambia kisu hakinigusi mpaka ncha moja iishe. Nilidhani atakataa. Amevuta kiti, kakaa.

Naandika huku namchungulia. Mishono midogo, sawasawa. Kosa nimeona moja tu. Mkono wake hautetemeki. Huu mwandiko wangu ndio umepinda!

Wamekuja na kitanda cha magurudumu. Nimemwambia basi, yatosha, twende. Hakuinua kichwa. Ati nitulie, mgonjwa hamharakishi daktari — maneno yangu mwenyewe hayo! — bado shibiri mbili, na kalamu hii niiweke chini.