Msiba wa Shangazi Ambao Sikuusikia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Magomeni, chumba kile kile. Miguu yako inaendeleaje? Na baridi ya Newala imepungua? Mimi nipo, mzima kiasi. Zuhura mdogo wangu, msomee Mama taratibu, usiruke kitu.

Mama, najua mmeninunia. Uliponipigia kunieleza kwamba Shangazi amefariki, Shangazi aliyenilea, nilikujibu, "Sawa Mama, hamna shida, nina wateja." Wallahi sikusikia hata neno. Miezi sasa masikio yangu yanavuma na kuziba. Dukani Kariakoo nimezoea kumtazama mteja mdomo na vidole. Akinyoosha viwili, namtolea vitenge doti mbili. Hakuna aliyegundua. Lakini simu haina mdomo wa kutazama, basi naitikia tu sawa, sawa, kwa aibu ya kusema sisikii.

Zuhura aliponitumia meseji ya kunilaumu, mlikuwa mmeshazika. Nililia mbele ya wateja. Tajiri wangu akanipa ruhusa, nikaenda hospitali.

Dada wa vipimo akanivalisha hedifoni. "Ukisikia mlio, nyoosha mkono." Nikaona kila akibonyeza, bega lake linashuka kidogo. Basi bega likishuka, mkono juu. Ujanja wa dukani nimeupeleka hospitali. Akacheka, "Dada, wewe unasikia kwa macho." Akanigeuza nitazame ukuta. Nikakaa, mkono pajani, nikidhani bado hajaanza. Kumbe alishamaliza sikio la kushoto lote. Hapo niliogopa, Mama.

Halafu akanibandika kidude kinachotetemeka kwenye mfupa nyuma ya sikio, nikasikia vizuri kabisa. Kingine kikanisukumia hewa sikioni, mashine ikachora mstari ulionyooka, kumbe ngoma ya sikio haichezi. Daktari akasema sikio la ndani ni zima. Ila mrija mdogo unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua umeziba, maji yamejaa. Amenipa dawa. Yakigoma kutoka, atatoboa kitundu ayatoe.

Mpe pole mume wa Shangazi, mwambie sikumdharau. Nisalimie Bibi, na Kaka mkubwa hata kama bado amekasirika.

Kwa sasa usinipigie simu. Nikipona nitakupigia mwenyewe, na naomba unieleze msiba upya, tangu mwanzo, kama ulivyonieleza siku ile. Nataka tulie wote.

Binti yako,
Somoe