Kipara kwa Ajili ya Kofia

Ilemela, Jumanne

Nimenyoa kipara kwa hiari yangu, halafu nashangaa watu wanalia.

Nilitaka kuijaribu mwenyewe kwanza ile kofia ninayoibuni, ya kupima ubongo wa mgonjwa wa kifafa bila kumlaza kitandani. Ni kofia ya kuogelea ya mtumba niliyoishonea nyaya. Nywele zilizuia nyaya kugusa ngozi, nikanyoa zote.

Fundi mzima nimesahau kwamba kwetu kipara ni msiba! Mama aliponiona mlangoni alijishika kichwa. "Mwanangu, nani ametutoka?" Kabla sijajibu, majirani wameshafika na kuni za kupikia msibani.

Nikawaambia hakuna aliyekufa, nilikuwa napima ubongo wangu. Wakazidi kunionea huruma.

Keshokutwa kofia inavaliwa na binti mmoja kutoka Magu mwenye kifafa, na ninaogopa. Leo kichwani kwangu mashine niliyoiunganisha na kofia ilichora mstari ulionyooka tu, kama wa maiti.

Labda majirani wasirudishe kuni zao.