Usukani Ulikuwa Kulia, Baba Ayuma

"Mtu akishalala hasahihishwi, shemeji," Owuor alisema juzi, akiwa amekalia stuli yako. "Andikeni alikuwa mwema, basi." Jirani yetu Amino, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai yangu mkononi, akamuuliza kama baba yake Mbinya naye hakuwa amelala siku alipoitwa mwongo katika sebule hii hii. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na majirani wengine wawili wakaingia kuuliza kuna nini. Nyumba yako bado haijajifunza kukaa kimya, Baba Ayuma.

Leo mwaka umetimia tangu ulipotutoka, mume wangu Javan Kweyu. Walichokuwa wakibishania ni haya ninayoyaandika hapa, katika tangazo la kumbukumbu yako.

Kwanza niwakumbushe watu ulivyokuwa. Miaka thelathini na mmoja ulitengeneza malori ya kanjo, yaani baraza la jiji, ukirudi hapa mtaani Ziwani na mikono inayonuka dizeli hata baada ya sabuni mbili. Ulikula polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpakulia. Mgeni akija saa ya chakula, ulisogeza sahani yako kabla mimi sijafika jikoni kuchukua nyingine.

Ulipostaafu, watu wakaanza kukuletea picha. Wengi hapa Eastlands wana babu aliyepelekwa kwenye vita vya pili vya dunia, na kilichobaki ni picha moja ya kijana wa kaptula amesimama kando ya gari la jeshi. Jumapili baada ya kanisa walijaa hapa na bahasha zao. Wewe uso wa mtu uliutazama mwisho. Ulianza na magurudumu, ukahesabu nati, ukapanda kwa madigadi, ukapima pua ya bonneti, ndipo ukasema: hii ni ambulensi, hii ni deraya, hili ni lori la kuvuta mizinga. Yuko bwana mmoja wa Starehe aliyeapa kwamba babu yake aliendesha kifaru. Ukamwonyesha kuwa ni lori la maji, halafu ukamwambia kwa upole kwamba huko jangwani jenerali mwenyewe alimpigia saluti mwenye maji. Alitoka hapa anatembea kama amepandishwa cheo.

Nyuma ya kila picha uliandika kwa penseli. Wino hukuutaka. Ulisema kesho huenda ukajua zaidi.

Sasa nije kwa Mbinya. Wasiomjua, huyu ni jirani yetu wa ukuta mmoja. Kwa miaka ishirini na tisa chumvi yake ilikuwa yangu na jiko langu lilikuwa lake. Baba yake, Mzee Nzioka, alikuwa dereva wa jeshi kule Burma, na lori lake aliliita Syombua, jina la mama yake. Hadithi hiyo aliisimulia katika kila harusi mpaka akafa, na Mbinya akaendelea kuisimulia alipoishia yeye.

Siku wakwe walipokuja kwa ajili ya binti yetu Ayuma, miaka minne iliyopita, nyumba ilijaa hadi uani. Mbinya akaleta picha ya baba yake ndani ya karatasi ya nailoni. Alitaka umwambie tu Syombua alikuwa lori la aina gani, wageni wasikie. Uliivuta karibu na dirisha, ukaitazama kwa kile kioo chako cha kukuzia, na ukasema mbele ya watu wote: "Usukani uko kushoto. Malori ya kikosi chake yalikuwa na usukani kulia. Mzee alisimama kando ya gari la mtu mwingine, akapigwa picha."

Hukusema kwa ubaya. Nilikujua. Ulikuwa umeliona gari, ukasahau kwamba binti yake mzee amesimama hapo. Lakini wageni walicheka, na mmoja akasema babu zetu wengi waliendesha kwa mdomo. Mbinya aliiacha picha mezani katikati ya sahani. "Kaa nayo," alikwambia. Akatoka, na sahani yake ikabaki pale mezani haijaguswa.

Tangu siku hiyo hakula kwetu tena. Maneno yalizunguka mtaa, ninyi mnaujua mtaa huu, mpaka wajukuu zake wakaitwa wajukuu wa dereva wa picha. Mara mbili ulibisha mlango wake, na mara mbili redio ikaongezwa sauti. Ulipofariki alikuja. Alichota maji, akaosha sufuria kubwa zote, akakaa na wanawake wenzake mpaka mwisho wa maombi. Sahani nilipompelekea, aliipitisha kwa mtu wa pili.

Mwezi uliopita nilikuwa nikipanga picha zako kwa ajili ya siku hii. Mimi magari siyajui. Najua kushona, na nimeshona sare za shule kwa miaka arobaini. Nilipoishika picha ya Mzee Nzioka niliona shati lake limefungwa upande wa wanawake, vifungo vyote, kutoka shingoni hadi kiunoni. Nikawaza, jeshi gani hili linalomvalisha dereva blauzi? Nikaipeleka kwenye kile kioo kirefu cha wateja. Humo kiooni shati likawa la mwanamume. Na usukani ukahamia kulia.

Nilimwita Owuor, mwenzako wa gereji. Alitazama kiooni, akatazama picha, akaketi. Alisema aliyeosha picha ile aliipindua filamu, na kwamba hilo ni lori la kikosi hasa, ndilo kijana angelipewa aliendeshe.

Nyuma, kwa mwandiko wako, palikuwa na maneno haya: Usukani kushoto. Si lake. Na mbele yake, kwa mkono unaotetemeka, ule mkono wa baada ya ugonjwa, alama ya kuuliza. Kumbe ulikuwa umeanza kutilia shaka. Ulikosa kufika kwenye shati tu, Baba Ayuma, kwa sababu mtu ulimtazama mwisho.

Nilimpelekea Mbinya picha yake, pamoja na kioo kidogo. Alifungua mlango. Akakaa kitandani, akaangalia humo kiooni muda mrefu, akipitisha kidole palipo na usukani. Nilimwonyesha alama ya kuuliza. Nikamwomba msamaha kwa niaba yako, nikamwambia kuna chakula kwetu siku ya kumbukumbu.

"Mama Ayuma," akasema, "wewe umeniambia hapa chumbani, tukiwa wawili. Yeye aliyasema nyumba ikiwa imejaa."

Nikarudi nyumbani, nikasema nitayaandika haya watu wote wasome. Hapo ndipo Owuor na Amino walipoanza ubishi wao. Owuor anakupenda na hataki jina lako liguswe. Lakini mimi nililala na wewe miaka arobaini na mitatu, na ninajua kwa nini ulishika penseli.

Kwa hiyo nasema mbele ya watu, nyumba ikiwa imejaa, na anayesoma amsomee asiyejua kusoma. Mzee Nzioka hakuwa mwongo. Aliendesha lori la jeshi Burma, likiitwa Syombua, na hilo pichani ni lake. Mume wangu alikosea. Yale maneno ya nyuma nimeyafuta kwa raba, nikaandika, kwa penseli vilevile: Dereva Nzioka na gari lake.

Hili halikupunguzi, Javan. Ungelisema mwenyewe kama ungepewa mwezi mmoja zaidi.

Tunakukumbuka mimi mkeo Kageha, binti yako Ayuma na mumewe Austine, wajukuu wako ambao bado wanagombania stuli yako, dada zako wa kule nyumbani, na majirani wote wa Ziwani, Owuor akiwemo, hata kama amenuna. Siku zote zilizobaki, wewe ni wetu.

Maombi ni Jumamosi saa sita, hapa hapa. Kuku wawili wapo, mboga ya mrenda ipo, na ugali nitausonga mwenyewe. Mbinya, sahani ya kwanza nitakayopakua ni yako, na nitaiweka pale pale ulipoiacha ile nyingine. Ingia, dada yangu. Karibu ule.