Mameneja Walionitangulia

Skuta, Nyeri

Kwako Kaka Mwadime,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mama anaendeleaje na goti lake? Na mahindi ya bondeni, nyani wamewaachia chochote? Mimi ni mzima wa mwili. Akili ndiyo imetikisika, na ninakuandikia kabla hujapanda basi kuja kuniposea Wangari, maana yametokea mambo ambayo hata wewe mwenye moyo mgumu utatafuta pa kukaa.

Unajua kwamba mbali na kazi yangu ya nyaya za simu nilifanywa meneja wa klabu ya mpira ya hapa mtaani. Nilijiona mtu! Mtaita wa kuja anaongoza timu kwenye uwanja ambao juzi juzi tu ulikuwa wa walowezi peke yao. Kamati iliniambia wanataka mtu asiye na ukoo hapa, kwa sababu mameneja walionitangulia wote walishindwa na jambo moja: kumtoa Kariuki golini. Kariuki ni kaka yake Wangari. Ni mtu mwema, lakini mpira ukimjia anaupisha kama mgeni mlangoni. Mimi nilidhani wenzangu walikuwa waoga tu. Nikatangaza kwamba nitatafuta golikipa mwingine, na wiki hiyo hiyo Wangari akaanza kutuletea uji uwanjani. Nikanywa, nikapenda, nikamsahau golikipa. Mengine nilikwisha kukuandikia.

Jumamosi nilikwenda kwao kujulishwa. Baba yake, Mzee mwenyewe, ndiye aliyenifungulia mlango. Ndani, kwenye benchi lililo chini ya picha ya Yesu, walikuwa wameketi watu watatu ninaowajua vizuri: mwalimu wa kutoka Kangema, karani wa Kianyaga, na mwenye bucha wa Karatina. Mameneja walionitangulia, kaka, wote watatu! Nilidhani nimeingia mkutano wa klabu.

"Karibu, meneja," mwalimu akasema. "Kiti yako ni hapa mwisho."

"Nyinyi mnafanya nini hapa?"

"Ati tunafanya nini? Mimi ni muthoni wa hii boma. Nilioa msichana mkubwa, huyu akaoa wa pili, huyu wa bucha akaoa wa tatu. Wangari ndio wa mwisho."

Muthoni ni mkwe, na huku ukwe ni heshima kubwa kuliko ya chifu. Ndugu wa mke wako humkemei, sembuse kumweka benchi mbele ya watu. Mwenye bucha akaniinamia sikioni: "Sisi wote tulianzia kwa uji." Nilipigwa na butwaa, hata Mzee aliponiuliza habari za kwetu nikamjibu "asante."

Wangari aliponisindikiza, nilisimama njiani nikamuuliza wazi: "Wewe ulitumwa?"

Nilitaka akatae. Hakukataa.

"Ile uji ya kwanza baba alinituma," akasema. "Hiyo ingine yote nilileta mwenyewe. Na wewe, sasa utaogopa kama hao wengine?"

"Siogopi."

"Basi kesho toa Kariuki. Ukimwacha, mimi sitajua kama niko na bwana, ama niko na meneja tu ya kuchungia ndugu yangu goli."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikimtoa, nimemtukana Mzee. Nikimwacha, nimempoteza Wangari. Sikula chochote siku ile.

Jumapili baada ya kanisa tulicheza na timu ya Kianyaga. Nikamwambia Kariuki akae. Alinitazama, kisha akaketi. Wale watatu walisimama kwa pamoja, karani amejiziba mdomo kwa kofia. Ungependa nikuambie tulishinda. Golikipa mpya alifungwa manne, moja akiwa anafunga kamba za viatu! Jasho halijakauka, kamati ikanifuta, na Mzee akapaza sauti watu wote wasikie: "Huyu mtu asionekane tena kwa boma yangu!"

Nikaondoka peke yangu, nimeinamisha kichwa. Ghafla nikahisi mkono umeingia ndani ya mkono wangu. Wangari! Kaka, huku msichana hamshiki mwanamume mkono hadharani, hata awe mchumba wake. Na baba yake amesimama pale pale! Yeye alitembea polepole, akanipitisha mbele ya Mzee, mpaka barabarani.

Leo asubuhi Kariuki amekuja kwangu. Nilijua amekuja kunipiga, kumbe ametumwa.

"Baba anasema msichana yake ameshikana na wewe mbele ya Skuta mzima," akasema. "Ati ulete wazee wako haraka."

Kisha akaomba chai, tukanywa.

Basi njoo, kaka, wewe na Mjomba, tena msichelewe. Ninampenda huyu msichana kuliko nilivyokuwa nikijua. Ukiwaona wale watatu kwenye benchi usicheke, watakusogelea upate nafasi. Ila jihadhari: kamati inatafuta meneja mwingine, mtu wa kuja, na wameanza kuniuliza kama nina ndugu.

Nisalimie Mama, shemeji na watoto, na shangazi aliyesema nitaoa mwanamke mpole.

Ni mimi mdogo wako, meneja aliyefutwa,

Mghanga